Ufito wa Josho la Mabira

Tulipofika kwenye josho la Mabira ng'ombe walikuwa wameshaanza kuingia majini. Nilimwona mmoja, jike mwekundu mwenye pembe ndefu, akisita ukingoni, akasukumwa kwa nyuma, kisha akatumbukia mzima mzima mpaka pembe zikazama, akaibukia upande wa pili akipiga chafya na kutikisa masikio. Nyuma yake wenzake walikuwa wamepangana kwenye kipito cha miti, wakilia. Harufu ya dawa ilikuwa imejaa hewani. Mimi niliteremka kwenye boda boda kabla haijasimama vizuri, na nilijua jambo ambalo kati ya watu wote waliokuwa pale ni mimi na mwenzangu Kamugisha tu tuliolijua: kwamba ufito uliotumika kupima maji ya josho lile asubuhi ile, ufito tulioutengeneza sisi, huenda ulikuwa unadanganya. Na kama ulidanganya, dawa iliyomo mle ilikuwa kali kuliko inavyopaswa, na wale ng'ombe walikuwa wanaogelea kwenye sumu.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Mabira, safari hii kwa mazishi. Mzee Katabazi, baba yake Kamugisha na mwenye wale ng'ombe wa kwanza, alizikwa nyuma ya nyumba yake, upande unaotazama malisho. Sikuwa nimemwona Kamugisha tangu alipohamia Mwanza. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tukala ebitoke, ndizi za kupikwa, na nyama, tukazungumza habari za watoto na za barabara, na sahani zilipoondolewa akanieleza jambo ambalo limenifanya nikae niandike. Nitalisema mahali pake. Kwanza inanipasa nieleze mwaka ule, maana ndio mwaka nilioujua woga. Kabla ya hapo nilikuwa nimeogopa kama kila mtu: giza, mtihani, mbwa wa jirani. Lakini woga wa kutojua kama ulichokifanya kwa mikono yako kinaua au hakiui, huo nilifundishwa mwaka ule, na haujanitoka. Mpaka leo nikipewa dawa ya mtoto yenye kifuniko cha kupimia, nakigeuzageuza kifuniko kwenye mwanga kabla sijamimina.

Nilikuwa nimemaliza cheti cha uandishi wa habari na sikuwa nimepata mahali pa kuandika habari. Mama Edi, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, akanipa kazi dukani kwake Omurushaka, karibu na yanaposimama magari ya kwenda Kyerwa. Mbele kulikuwa na fotokopi, picha za pasipoti na mihuri. Nyuma kulikuwa na chumba cha mashine. Ilikuwa mashine ndogo ya kuchonga kwa leza, ya aina ambayo wengine huinunua kwa kujifurahisha nyumbani: fremu ya vyuma vyepesi inayoenea juu ya meza moja, kichwa kinachotoa mwale wa buluu, vyuma viwili laini ambavyo kichwa huteleza juu yake, na mikanda ya mpira yenye meno inayokivuta huku na huko. Mimi nilichora kwenye kompyuta, Kamugisha aliendesha mashine. Tulitengeneza vibao vya majina, vishikio vya funguo, misalaba ya mbao, na visanduku vya plaiwudi. Chumba hakikuwa na dari. Asubuhi baridi ya Karagwe ilishuka moja kwa moja kutoka kwenye bati, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, na tulishika vikombe vya chai kwa mikono miwili. Ikifika saa sita bati limeshika moto, na Kamugisha anafanya kazi kwa singlendi. Nakumbuka harufu ya chumba kile kuliko nyuso za wateja: plaiwudi iliyoungua, chai ya tangawizi, na samli. Kamugisha alikuwa akiletewa samli kutoka kwao katika kopo la maziwa ya unga, na asubuhi tuliipaka kwenye mkate. Mama Edi, ambaye kwao ni wakulima wa kahawa na ndizi, alisema watu wa ng'ombe wakifa hawaozi, wanayeyuka.

Kamugisha alikuwa na umri wangu, mrefu, mwenye mikono isiyotulia. Kwao, mtoto wa kiume aliyeacha fimbo ya kuchungia na kwenda kukaa mjini alihesabiwa kama amefiwa na akili. Baba yake hakumkataza. Alimtania tu, na utani wa baba kama yule unauma kuliko kukatazwa. Nilimsikia mara moja kwenye simu, sauti ikitoka nje ya spika kwa sababu mzee alizungumza na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Alimwuliza mwanawe mashine ilikuwa inaendeleaje. Kamugisha akajibu inaendelea vizuri. "Inazaa?" mzee akauliza. Kamugisha akacheka peke yake. "Basi inakamuliwa?" Akasema haikamuliwi, tata, yaani baba. "Sasa unailinda isiibiwe, kwa sababu gani?" Baada ya simu ile Kamugisha aliifuta mashine vumbi kuanzia juu hadi chini, ingawa alikuwa ameifuta asubuhi.

Matatizo yalianza na kisanduku cha sadaka cha usharika mmoja wa Kilutheri. Kisanduku cha plaiwudi hakipigwi misumari. Kingo zake hukatwa meno, na meno ya ubao mmoja huingia kwenye mapengo ya mwingine kama vidole vya mikono miwili. Meno yetu hayakuingiana. Upande mmoja uligoma, mwingine ukaacha nafasi. Mama Edi akakiinua kwenye dirisha, akachungulia ndani, akasema tumetengeneza sanduku la sadaka ambalo shetani naye anaweza kuingiza mkono. Tulicheka, kisha nikachukua rula ya chuma. Mraba niliouchora sentimita kumi kwa kumi ulikuwa umetoka na kumi upande mmoja, na upande wa pili ulipungukiwa milimita tatu. Nilipima tena nikidhani macho yamenidanganya. Halafu tukakata mraba mwingine, na huo ukapungukiwa milimita moja tu. Hilo ndilo lililonitisha kidogo hata wakati ule. Kosa linalojirudia unaweza kuishi nalo; unalizoea, unalitolea hesabu yake. Hili lilikuwa likija na kuondoka.

Tulilitafuta kwa wiki nzima. Nilianza na michoro yangu, nikakuta iko sawa. Kamugisha akakaza mkanda mpaka ukawa unalia kama uzi wa zeze ukiuchezea kwa kidole. Akaangalia skrubu ndogo inayoshika gurudumu la meno kwenye mota, akaikuta imekaza. Tukasema labda ni umeme, maana umeme wa Omurushaka ulikuwa ukichoka na kupata nguvu kama mgonjwa. Mwishowe tukaingia kwenye programu, mahali panapoandikwa mota izunguke hatua ngapi ili kichwa kisogee milimita moja. Ilikuwa asubuhi. Tukaongeza namba kidogo, tukakata mraba, tukapima: kumi kwa kumi. Kamugisha akanipiga kofi la kiganja. Saa saba mchana tukakata kisanduku kipya, na sasa kila kitu kilikuwa kirefu kuliko nilivyochora. Tukarudisha namba ya kiwandani kwa hasira, tukakata mraba, tukapima: kumi kwa kumi. Tukakaza skrubu zote tena, tukaifunga kazi. Tuliamini tumelimaliza, kwa kuwa tulikuwa tumehangaika sana, na mtu aliyehangaika sana huona kama anastahili jibu. Kisanduku cha sadaka tulikikata siku ile ile mchana, na kikaingiana vizuri sana.

Siku chache baadaye Mzee Katabazi alikuja mwenyewe dukani. Hakuwa amewahi kufika. Alivaa koti zito na kofia, ameshika fimbo, akasimama mlangoni mpaka Mama Edi alipomkaribisha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshafika kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha josho la Mabira. Ufito wa zamani wa kupimia maji ulikuwa umeoza na alama zake zimefutika; mhudumu wa josho, Stanslaus, alikuwa akikisia. Wenzake walitaka kuagiza ufito Bukoba. Yeye aliwaambia kuna kijana wake Omurushaka. Aliposema maneno hayo, "kuna kijana wangu Omurushaka," Kamugisha aliinama akaanza kutafuta kitu chini ya meza, na nina hakika hapakuwa na kitu chini ya meza.

Nikamwomba mzee anieleze ufito unavyotumika, na alieleza vizuri. Maji ya josho hupungua kila wiki. Mengine hutoka na manyoya ya ng'ombe, mengine huliwa na jua. Yakiongezwa, dawa ya kupe nayo inaongezwa, na kiasi cha dawa hufuata kiasi cha maji yaliyoongezwa, na hicho hujulikana kwa ufito tu: unasoma alama kabla ya kumimina maji, unasoma tena baada ya kumimina. Dawa ikiwa pungufu, kupe wanapona na ndama wanakufa kwa ndigana. Ikizidi, inaingia kwenye ngozi na kwenye pua. Alikuwa amewahi kuona josho lililozidishwa dawa, zamani, kwa watu wengine. Ng'ombe walitoka majini wakaanza kutetemeka miguu ya mbele. Alituachia ubao wa omushambya, mti ambao huku kwetu watu hujengea kwa kuwa mchwa hawaupendi, umerandwa vizuri, mrefu kuliko yeye. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akaitazama mashine akiwa ameweka mikono mgongoni, na akatoka bila utani wowote.

Ubao ulikuwa mrefu kuliko mashine, kwa hiyo tuliuchonga kipande kwa kipande. Kamugisha aliuingiza chini ya fremu, mashine ikachonga alama za kipande kimoja na namba zake, akausogeza mbele mpaka alama ya mwisho ikae mahali pa kuanzia, tukaendelea. Kazi ilichukua siku mbili kwa sababu umeme ulikatika mara kwa mara. Tulichonga kipande asubuhi, tukakaa, tukachonga mchana, tukakaa, tukachonga kesho yake asubuhi. Kuna kipande kimoja tulikiruka tukakirudia. Cha mwisho tulikimaliza mchana, nikakipima kwa rula ya chuma, nikakuta kila sentimita ni sentimita. Sikupima vingine. Mashine ni ile ile, ubao ni ule ule, mchoro ni ule ule. Kipande kimoja kikiwa sawa, niliona vyote viko sawa. Chuoni nilifundishwa kwamba shahidi aliyesema kweli mara moja bado hujamaliza kumhoji. Sikufikiri kwamba somo lile linahusu mbao. Stanslaus alikuja kuuchukua jioni ile, akaufunga ubavuni mwa pikipiki, akasema keshokutwa asubuhi watajaza josho na kuogesha, na wa kwanza watakuwa wa mzee, kama ilivyo heshima ya mwenyekiti.

Asubuhi ya keshokutwa ilikuwa na baridi kuliko zote ninazozikumbuka mwaka ule. Ukungu uliingia mpaka dukani. Mama Edi alikuwa mbele akigombana na karatasi iliyokwama kwenye fotokopi. Nilifungua kopo la samli, nikachomeka kijiko, na wakati nageuka kuchukua mkate nikakiachia. Kijiko hakikuanguka. Kilisimama wima katikati ya samli nyeupe, ngumu kama sabuni. Nikakitazama. Jana yake mchana, kutoka kwenye kopo hilo hilo, Kamugisha alikuwa amejimiminia samli juu ya maharage, ikatiririka ya njano kama mafuta ya alizeti. Sikuwa na wazo kamili bado. Nikaenda kwenye mashine, nikapitisha kidole juu ya chuma kile laini ambacho kichwa huteleza. Kidole kikarudi na ukoko mweupe.

Nikamwuliza Kamugisha alikuwa akiilainisha mashine kwa kitu gani. Akasema kwa samli. Alisema bila wasiwasi, hata kwa majivuno kidogo, kama mtu anayeulizwa siri ya mapishi. Kwao kamba zote za ngozi, mipini, mikanda, kila kinachosugua kitu kingine, hupakwa samli, na hudumu miaka. Alikuwa ameanza tangu tupate ile kazi ya sanduku, kwa sababu alisikia vyuma vinalia. Nikasukuma kichwa cha mashine kwa kidole. Kilikwenda kizito, kikikwama na kuachia. Naye akakisukuma. Asubuhi samli inaganda, mota inaambiwa izunguke hatua kadhaa, inazidiwa, nyingine zinapotea, na alama zinasogeleana. Mchana bati linapata moto, samli inayeyuka, na mashine inasema kweli. Na ule ufito tulikuwa tumeupima mchana. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, na nikajua amefika mahali nilipokuwa nimefika mimi. Alama zikisogeleana, ufito utasema maji yaliyoongezwa ni mengi kuliko yalivyo. Stanslaus ataweka dawa ya maji ambayo hayapo.

Simu ya Stanslaus ilikuwa imezimwa. Ya mzee iliita mpaka ikakatika, tukapiga tena ikaita mpaka ikakatika. Mzee haendi na simu kwenye ng'ombe. Mama Edi alitusikia kupitia pazia, yeye mwenyewe akatoa ufunguo wa duka mfukoni mwangu, akasema nendeni, mimi nitafunga. Tulipanda boda boda mbili. Sikumbuki njia yote. Nakumbuka mgongo wa dereva wangu, jaketi lake limechanika begani na sponji inatoka, na nakumbuka nilikuwa nikiisema njia nzima sentensi moja ambayo ningemwambia mzee, na kila nikiisema ilikuwa inafupika. Tulipoanza kuingia Mabira, malisho yalifunguka pande zote, yamejaa jua, ukungu umeshaondoka, na sikuona hata ng'ombe mmoja akila majani. Wote walikuwa joshoni.

Kamugisha aliwahi kufika kuliko mimi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kipito, akasimama mbele ya ng'ombe aliyefuata, akaweka mikono yake miwili kwenye pembe. Watu wakamshangaa. Mchungaji mmoja kijana akamwuliza kama mjini wanaoga kabla ya ng'ombe. Wengine wakacheka. Kamugisha alimtafuta baba yake kwa macho. Mzee alikuwa upande wa kutokea, pale ng'ombe wanaposimama kuchuruzika, kiganja chake kimekaa juu ya mgongo wa mtamba wake mweusi mwenye mimba.

"Tata, simamisha," Kamugisha akasema. "Ule ufito siuamini."

Kicheko kikaisha. Stanslaus akasema ameusoma mara mbili, hakukosea. Kamugisha akasema hakukosea yeye, ni alama zenyewe. Nikaongeza kwamba hatujui kama ni zote au baadhi, ndiyo sababu tumekuja na rula, tupime sasa hivi. Nilikuwa nimeitoa rula kwenye mkoba. Mzee alikuja polepole, akauchukua ufito mkononi mwa Stanslaus. Nilidhani ananipa mimi. Aliuangalia juu hadi chini, zile namba nzuri nyeusi, akauweka juu ya reli ya kipito na kuukanyaga. Ulivunjika alipoukanyaga mara ya pili. Akavitupa vipande kwenye moto wa kinyesi kikavu uliowashwa pembeni kufukuza nzi, na omushambya mkavu ulishika mara moja.

"Kitu kisichoaminika," alisema, "hakipimwi."

Sikuthubutu kusogea kwenye moto. Hakuna aliyethubutu. Tukampigia afisa mifugo wa kata, ambaye alikuwa mbali siku ile. Akasema walioingia waoshwe kwa maji safi, wakae kivulini, wasilambane, tuwaangalie midomo na miguu. Ng'ombe wa mzee ndio peke yao waliokuwa wameingia. Watu waliokuwa wakicheka muda mfupi uliopita wakabeba ndoo kutoka kwenye tangi bila kuambiwa. Tuliwaosha mmoja mmoja. Mimi sikuwa nimewahi kumgusa ng'ombe zaidi ya kumpita njiani. Siku ile niliosha matumbo, mapaja, chini ya mikia, mikono yangu ikiwaka kwa dawa. Kisha ikaja saa ya kungoja, na hiyo ndiyo ninayoiota. Ng'ombe wamesimama wameloa, sisi tumesimama tumeloa, na kila mmoja wetu anatazama magoti ya ng'ombe. Ng'ombe akiwa na baridi hutetemeka. Ng'ombe akitaka kumfukuza nzi hutetemesha ngozi. Kila mtetemo niliutazama mpaka ukaisha. Nyuma yangu wazee wawili walizungumza kwa Kinyambo, nikasikia mmoja akisema zamani walipima kwa kuingiza mguu na ng'ombe hawakufa, na mwingine akamjibu kwamba walikufa, ila wakati ule walilaumu wachawi. Mzee Katabazi alikaa juu ya jiwe akiwaita ng'ombe wake kwa majina, kwa sauti ya chini, na kila aliyeitwa alipogeuza kichwa, mzee aliendelea na mwingine.

Hakuna aliyeanguka. Mchana wote walikuwa wanacheua, na ng'ombe anayecheua, walisema, hafi leo. Stanslaus alisimama akatuonyesha kwa mwili wake mahali maji yalipokuwa: ufito ukisimama kando yake, kabla ya kuongeza yalikuwa kiunoni mwake, baada ya kuongeza yalifika kifuani. Kipande kimoja tu cha ufito ndicho kilichotumika, kile cha kati ya kiuno na kifua. Tukamshukuru. Mama yake Kamugisha akatuletea maziwa katika ekyanzi, chombo chao cha mti kinachonukia moshi, na nikanywa mpaka mwisho.

Siku ya tatu simu iliita dukani. Mtamba mweusi alikuwa ametupa ndama, bado hajafikisha miezi. Kamugisha alisikiliza, akamwambia mama yake "ndiyo, maawe" mara kadhaa, akaweka simu juu ya mashine. Baadaye nilimwuliza daktari wa mifugo, kisha mwingine, na mwaka uliofuata daktari wa tatu. Wa kwanza aliniambia dawa ikizidi inaweza kumfanya ng'ombe atupe mimba. Wa pili akasema kusukumwa joshoni ukiwa na mimba, kukimbizwa, kuoshwa na watu wageni wanaopiga kelele, kunatosha. Wa tatu akaniuliza kama kuna sampuli ya maji iliyochukuliwa, na niliposema hapana akakunja mikono. Sisi tulifanya tulichoweza. Tulifuta samli yote kwa petroli, tukaweka mafuta ya cherehani, tukakata miraba asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima, nikaipanga dirishani kwa mfuatano. Yote ilikuwa kumi kwa kumi. Mashine ile haikukosea tena, na nadhani ndiyo maana Kamugisha hakuweza kukaa nayo. Kabla mwaka haujaisha alikwenda Mwanza. Baba yake hakumlaumu hata siku moja. Alilinunulia josho ufito kutoka Bukoba kwa pesa yake, akaendelea kuwa mwenyekiti, na kila Kamugisha alipopiga simu aliulizwa habari za afya tu. Ule utani wa mashine kuzaa na kukamuliwa ulikoma kabisa, na Kamugisha alisema afadhali angetukanwa.

Hayo ndiyo aliyonirudia nayo chini ya turubai, mwezi uliopita. Aliniambia kwamba mara ya mwisho alipokuja kumwuguza baba yake, waliketi wawili chumbani, na kwa mara ya kwanza alimweleza yote: samli, baridi, kijiko, mashine inayodanganya asubuhi na kusema kweli mchana. Alisema mzee alisikiliza amefumba macho, mpaka yeye akadhani amelala. Kisha akafungua macho na kuuliza swali moja tu.

"Kile kipande cha kiunoni mwa Stanslaus hadi kifuani. Mlikichonga asubuhi, au mchana?"

Nikamwuliza Kamugisha alijibu nini. Akaniangalia, na nikaelewa kwamba alikuwa ametoka Mwanza akitumaini kuniuliza mimi. Mimi nakumbuka umeme ulikatika tulipofika pale, tukakiruka tukakirudia. Sikumbuki tulikirudia mchana ule ule au kesho yake na baridi. Yeye anakumbuka alikuwa amevaa sweta. Mimi namkumbuka na singlendi.